Mkwe Ndani ya Duara

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeshinda! Naandika huku mkono ukiniuma kwa kusukuma madawati, lakini tumeshinda. Tangu leo ukumbi wa kituo hauna tena kisomo cha wanawake cha asubuhi na kisomo cha wanaume cha jioni. Kuna darasa moja la alasiri, la wazee wote, wake kwa waume, wa kila kabila na kila dini. Viti nimevipanga duara. Duara halina mbele wala nyuma. Halina wa kuketi karibu na mlango ili awahi kwenda kupika.

Mratibu wa kituo — mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni — alisimama akinitazama nikihangaika. Mwishowe akauliza kama wenyewe nimewauliza. Nikamjibu kwamba haki haipigiwi kura. Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda kuchemsha chai.

Walikuja karibu wote. Waliingia kwa kunyata, kama watu walioingia nyumba ya jirani kwa makosa. Mzee Zamu, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku hadi meno yalipomwisha, alilizunguka duara mara mbili, kisha akauliza: "Mwalimu, hapa tunasoma au tunacheza kamari?" Tukacheka. Hata mimi.

Jambo moja tu. Mwenyekiti — bibi anayeongoza chama cha wachuuzi wa mboga, mwanafunzi wangu bora wa asubuhi, mwenye sauti ya kunyamazisha soko zima — alifika hadi mlangoni, akatupa jicho ndani, akageuka. Nilidhani amesahau miwani. Hakurudi.

Miguu yote inawaka moto. Mafunzo haya ya vitendo yataniua kabla sijahitimu.

Alhamisi, 5 Septemba

Mwenyekiti hakuja. Wanawake waliokuja wameketi upande mmoja wa duara, wamebanana. Wanaume upande wa pili. Katikati yao viti vitupu, huku na huku. Nimepata duara lenye mipaka.

Nimechoka. Kesho kamati.

Jumamosi, 7 Septemba

Idara ya elimu ya watu wazima imelipokea azimio letu! Nililisoma mwenyewe jukwaani, na ukumbi wa chuo ukasimama: *Darasa moja, chumba kimoja, mtihani mmoja. Asitengwe mtu, kwa kufundishwa wala kwa kutahiniwa, kwa sababu ya jinsia, kabila, dini wala mila.* Neno "mila" niliongeza mimi, dakika za mwisho, kalamu ikiwa bado moto. Ni nini kimemfungia mwanamke jikoni kama si mila? Ni nini kimemwambia bibi wa miaka sabini kwamba herufi zimempita?

Makomredi walinibeba juu juu. "Kipaza! Kipaza!" Ndilo jina langu hapa chuoni, na leo nilistahili. Nilirudi bwenini bila sauti. Nikalala na viatu.

Jumatatu, 9 Septemba

Hakuja tena.

Nikatoa hotuba. Sijui kwa nini sikujizuia. Nikasema: mwenzenu mmoja amekatizwa njia, nasi tumekaa kimya! Nikasema kuna mwanamume mahali fulani ambaye hataki mkewe ajue kusoma, na mwanamume huyo ni adui wa darasa hili zima. Nilikuwa nimesimama katikati ya duara, ngumi juu.

Mzee Zamu akainua kidole taratibu. "Mwalimu, mume wake amekufa siku nyingi. Labda anamzuia ndotoni."

Walicheka hadi viti vikalia. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mmoja tu hakucheka: Fundi, yule mchomeleaji wa vyuma wa darasa la jioni, mcheshi wa siku zote. Leo aliangalia viganja vyake tu, kana kwamba ndiyo kwanza aone makovu ya cheche.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemfuata Mwenyekiti sokoni. Nilimkuta akipanga nyanya kwa mafungu, kubwa chini, ndogo juu — "anayetaka kubwa ainame," akaniambia. Akanipa ndoo nikalie.

Kwanza alisema miguu. Kisha akasema macho. Nikamwambia, bibi, miguu na macho hivi ndivyo vilivyokufikisha hapa alfajiri. Akatabasamu upande.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Chama chao kinasajiliwa kuwa ushirika mwisho wa mwezi huu, na sheria ya ushirika inataka mwenyekiti awe na cheti cha hatua ya kwanza ya kisomo. Asipokipata, kiti kinakwenda kwa mwanamume mmoja mwenye lori, anayewaletea mzigo na kuwapangia bei, ambaye hajawahi kuuza hata kitunguu kimoja kwa mkono wake. Amekwisha kuanza kuitwa mwenyekiti na wapambe wake. Amekwisha kuitikia.

"Kwa hiyo njoo darasani!" nikapaza sauti. Wateja wakageuka.

"Kusoma nitasoma. Kuingia mle siwezi."

Kwa nini? Akafunika nyanya kwa gunia lililoloweshwa maji. "Mjukuu wangu, mengine mtu hajisemei mwenyewe. Muulize binti yangu."

Alhamisi, 12 Septemba

Binti yake ni mshonaji, mama wa watoto wakubwa, na leo alikuja kituoni baada ya kipindi, pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Sikuwa na habari kwamba ni mke wa Fundi.

"Mwalimu," akasema, "umemtengea mama yangu kiti uso kwa uso na mume wangu."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, nikakoma.

Akanieleza pole pole, kama anayempimia mtoto nguo. Kwa watu wa mama yake, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani. Hawaketi chumba kimoja, hawatajani majina, hawasemeshani ana kwa ana. Si chuki. Ndiyo heshima iliyo nzito kuliko zote walizo nazo. Ukiivunja umemvua mtu nguo. Fundi yeye ni wa watu wengine. Kwao mama mkwe ni mtu wa utani, anakumbatiwa, anapokonywa kiti. "Siku aliyokuja kunichumbia alimkumbatia mama. Mama alitoka mbio, hadi nyumba ya tatu!" Akacheka mpaka akafuta machozi.

Tangu siku hiyo Fundi amejifunza. Akifika kwa mama mkwe hukohoa kwenye kona ili apewe nafasi ya kupita nyuma. Paa lilipovuja alilitengeneza mama akiwa sokoni. Mama akirudi hasemi kitu, lakini kesho yake sufuria ya chakula hufika kwa binti, imejaa kupita kawaida. Wameishi hivyo ndoa nzima, na hakuna aliyeumia.

"Na wote wawili walijiandikisha hapa?"

Naam. Mama asubuhi, mume jioni. Chumba kimoja, ubao mmoja, na hawajawahi kukutana. Fundi alikuwa hafuti ubao, makusudi, ili asubuhi mama aone jioni walifika wapi. Na mama naye akawa haufuti.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia siku ile nilipounganisha madarasa. Akanitazama kwa huruma kweli.

"Ulikuwa unazungumza, Mwalimu."

Jumapili, 15 Septemba

Siku nzima nimegombana na kichwa changu.

Hoja ya kwanza: mila inayomtoa mwanamke darasani ni mila dhalimu. Naisimamia hoja hii! Nimeisimamia jukwaani, nimeisimamia mbele ya wakuu wa idara. Hoja ya pili: kabla yangu, mila hiyo hiyo haikuwa imemtoa darasani. Alikuwa ndani, anasoma, anaongoza wenzake. Aliyemtoa ni nani, basi?

Komredi ninayelala naye chumba kimoja hataki kusikia. Ukilegeza hapa, anasema, kesho watataka pazia, keshokutwa ukuta, mtondo mwanamke yuko jikoni. Anasema sawasawa na nilivyokuwa nikisema. Hata mkono anautupa kama mimi. Nilimsikiliza nikajichoka.

Nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akaniambia ndiyo sababu tunachoma vitanda. Jibu zuri. Angelitoa jukwaani angepigiwa makofi.

Sijui. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kupiga makofi.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemwomba Mratibu stoo iwe chumba cha pili siku ya mtihani. Tutoe ndoo na mafagio, tuweke meza moja, Mwenyekiti asome mle mbele ya mkaguzi, basi.

Mratibu alivua miwani. Akasema waraka umefika kutoka idarani: chumba kimoja, mtihani mmoja, asitengwe mtu. "Maneno mazuri sana," akasema. "Sauti yake naitambua."

Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga! Alipiga simu kwa mkaguzi papo hapo, akaomba. Nilisikia sauti ya mkaguzi ikivuma: haiwezekani, mama, huo ndio ubaguzi tunaoupiga vita, tena mpe hongera zangu yule binti wa chuo aliyeuandika.

"Amekupa hongera," Mratibu akasema, akaweka simu.

Wakubwa wengine? Nitafute nani? Nani abadilishe kwa siku kumi kile ambacho tulikipigania mwaka mzima? Niliinua simu, nikaanza kumtafuta katibu wa kamati yetu. Akaniambia yuko kwenye maandalizi ya sherehe ya ushindi.

Alhamisi, 19 Septemba

Fundi alibaki kunisaidia kurudisha viti. Akasema siku ya mtihani atakuwa mgonjwa.

"Unaumwa nini?"

"Bado sijaamua."

Nikamwambia naye anahitaji cheti. Karakana yao inamtaka awe msimamizi, na msimamizi lazima asome maonyo kwenye mitungi ya gesi. Sharti hilo analijua kuliko mimi. Akasema gesi amekaa nayo tangu ujana, wanafahamiana. Nikamuuliza kama mambo haya ya mkwe hayamchoshi. Yeye si wa watu wale. Nani amemfunga?

Akafikiri kweli. "Mwalimu, mwanzoni nilidhani yule mama ananidharau. Nikachukia. Halafu nikaona: hakuna mtu duniani anayejua hatua za miguu yangu kama yeye. Akizisikia tu anajiandaa." Akapachika kiti juu ya kingine. "Mama yangu mwenyewe hakuwahi kunisikiliza hivyo."

Nikampa kiti kilichofuata.

Jumamosi, 21 Septemba

Siku hizi asubuhi niko sokoni. Namfundisha Mwenyekiti nyuma ya meza yake, katikati ya magunia ya vitunguu, yeye akisoma na kuuza kwa mdomo huo huo. "Ma-ji sa-fi ni — fungu hilo bei ni ile ile, dada, usinibembeleze — ni u-hai." Anasoma vizuri. Maneno marefu ndiyo yanamkwamisha: huanza kwa kishindo, akifika katikati pumzi inamwishia, kidole kinabaki juu ya silabi.

Leo nikamfikishia habari ya ugonjwa wa Fundi. Alijua tayari, binti alimwambia.

"Hapana. Watoto wa binti yangu wanakula kwa mkono wa yule. Siwezi kukalia kiti nilichokichonga kutokana na mlango wa nyumba yao. Ataingia mtihani. Mwambie binti yangu amwambie."

"Na wewe utaingiaje?"

"Wewe ndiye mwalimu."

Nikaanza kusema kuhusu idara, kuhusu rufaa, kuhusu waraka. Akaniwekea kitunguu mkononi ninyamaze.

"Mjukuu wangu, una maneno kama redio. Nitafutie njia. Usinitafutie hotuba."

Mwenye lori alipita wakati ule. Akamwita "mama" kwa adabu kubwa, akauliza masomo yanaendeleaje. Alikuwa anacheka na meno tu.

Jumanne, 24 Septemba

Kipindi cha ziada, cha mwisho. Niliwaambia ukweli wote, nikiwa nimeketi. Sikusimama katikati. Nikauliza — mara ya kwanza tangu niingie ukumbi huu — wao wenyewe wangependa kukaa vipi.

 Maneno yakamiminika kama mafuriko!

Bibi mmoja mfupi, mfuma vikapu, akasema kwao wanaoogopana ni baba mkwe na mke wa mwana, na kwamba mimi nimemkalisha ubavuni mwa baba mkwe wake tangu duara lianze. Alikuwa anafumba macho kipindi kizima. "Ndiyo maana herufi sijazijua, Mwalimu. Sijaziona bado!" Baba mkwe mwenyewe, mzee wa fimbo, akathibitisha kwamba naye alikuwa akitazama dari, shingo imemkaza. Mwingine akasema kwao hakuna mambo hayo hata kidogo, ila hataki mumewe amsikie akikosea, maana atafanyiwa mchezo wa kuigiza mpaka siku ya mazishi. Mume wake alikuwa pale pale. Akasema hilo ni kweli kabisa.

Mzee Zamu akapendekeza Fundi avikwe gunia. Fundi akasema gunia linawasha, koti je?

Wakainuka wakavuta viti wenyewe. Wengine waligeukia dirisha, wengine ukuta, wawili walikaa migongo ikigusana kwa kicheko, bibi wa vikapu akapata kona yake na macho yake. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lilipomalizika, lilikuwa umbo ambalo hesabu haijalipa jina. Na walisoma! Sijawasikia wakisoma vile tangu siku ile ya ushindi wangu.

Mwenyekiti alikuja. Aliketi barazani, nje ya dirisha, mgongo ukutani, akasoma kutoka huko. Mkaguzi akiruhusu vile, tumepona.

Nimechoka, lakini ni uchovu wa namna nyingine.

Alhamisi, 26 Septemba

Naandika nikiwa mlangoni, daftari gotini. Mwalimu haruhusiwi kusema neno wakati wa mtihani. Akisema, kituo kizima kinafutiwa. Nisipoandika nitapasuka.

Mkaguzi amefika na tai na furaha. Kitu cha kwanza: "Liko wapi duara? Nimesikia kituo hiki kina duara!" Mratibu akaeleza. Hakusikia. Alivua koti, akapanga viti kwa mikono yake mwenyewe, duara kamili, akarudi nyuma kulitazama kama mtu aliyemaliza kupaka nyumba rangi. Akanipungia. Mimi!

Mwenyekiti asomee barazani je? Hapana. Watahiniwa wote wasomee ndani.

Wameketi. Baba mkwe anatazama dari. Bibi wa vikapu kafumba macho. Kiti cha Mwenyekiti, ambaye bado yuko nje akingoja kuitwa, kimeangaliana na cha Fundi, mstari ulionyooka. Kuhama hakuruhusiwi, kila kiti kina namba.

Fundi amesoma mapema. Amesoma vizuri, jasho likimtoka. Mkaguzi amemwambia abaki kitini hadi mwisho. Basi Fundi amevua koti lake la karakana, akajifunika kichwa kizima.

"Huyu anaumwa?"

"Baridi, mheshimiwa," Mzee Zamu akajibu. Joto humu ni la kuokea mkate.

Limeitwa jina la Mwenyekiti.

Ameingia kinyumenyume. Naapa! Amepita mbele yangu akitanguliza mgongo, mtandio umeshuka hadi puani, mkono mmoja ukipapasa viti. Amekifikia chake. Amekigeuza, akaketi akiwapa mgongo wenzake wote.

"Mama, geuka."

"Mheshimiwa, karatasi iko mbele yangu. Mgongo hausomi."

Mtu amekohoa kuficha kicheko. Mkaguzi ametazama saa, ametazama waraka, amenitazama mimi. Nimetazama chini. "Haya. Soma."

Anasoma. Polepole, sauti ya sokoni imepunguzwa nusu. Ni habari ya maji na magonjwa. Mstari wa kwanza umepita. Wa pili umepita! Kidole kinatembea. Mwenye lori yuko barazani, amekuja kuangalia. Namwona akiegemea nguzo.

Amefika kwenye neno refu. "Ya-li-yo..." Amesimama. "Ya-li-yo-che..." Pumzi.

Neno ninalijua. Liko kwenye ulimi wangu, linanichoma. Nikilitamka nimewafuta wote.

Mkaguzi ameinua kalamu.

"Ya-li-yo-che..."

"Yaliyochemshwa."

Limetoka chini ya koti. Si kwa kunong'ona. Limetoka kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwambia mtu jambo.

 Binti wa Mwenyekiti, dirishani, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mgongo wa Mwenyekiti umekakamaa kama ubao. Tangu siku ile ya kukumbatiwa hajawahi kusemeshwa na sauti hiyo, na sasa imesema naye mbele ya watu, na watu wanangoja.

Mkaguzi ametazama huku na huko, hajaona mdomo uliofunguka. "Sijui nani amesema, wala leo sitauliza. Lakini nataka kulisikia kwako, mama. Litamke neno hilo, uendelee. Au tuishie hapo?"

Akilitamka, atakuwa amemjibu.

Kidole chake kiko juu ya karatasi bado. Koti la Fundi halisogei. Kutoka nilipokaa naona kisogo tu na ncha ya mtandio, mdomo siuoni. Bega la kulia limeinuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.